Kipande Kilichokataa Kurefuka

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini baridi ya huko nyumbani Nunguni haijakushika kifua. Hapa Uingereza theluji imefika magotini.

Leo nimelia kazini kwa furaha. Ile metali nyepesi ya injini za ndege tunaitundikia uzito ndani ya tanuri, na kwa joto lile hurefuka polepole mpaka ikatike; tunatafuta isiyorefuka. Kipande changu cha kwanza cha metali hiyo, ambacho chembe zake za ndani zilikuwa za mviringo, kilikatika mapema. Nikaogopa nitarudi nyumbani mikono mitupu. Cha pili, kabla ya kukitundikia uzito, nilikipasha moto zaidi, nikakipoza polepole, chembe zikajipanga tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa za Biblia yako. Asubuhi hii, baada ya wiki sita, kilikuwa karibu hakijarefuka hata kidogo.

Nikapiga kigelegele. Fundi wetu mzee, Bwana Harold, akaja mbio.

"Umeungua?"

"Hapana, kipande kimestahimili!"

"Na hiyo sauti?"

"Mama angekuwa hapa, angepiga hivyo."

Akavua kofia. "Basi piga tena, hiyo iwe yake."

Nikapiga, Mwaitu, mpaka sauti ikakauka.

Wasalimie wote, na ujifunike vizuri jioni.

Binti yako, Mwende