Muna Anaitafuta Kahawa Yako

Dada Raya,

Nimekusomea Yasini, nimekutolea sadaka, nimekuombea kila baada ya sala, na bado nna maneno yamenikaa kooni. Basi nnakuandikia. Ukitaka kunicheka, nicheke. Ulikuwa hukosi la kunicheka hata nilipokuwa sina kosa.

Kwanza habari za huku. Shemeji yuko palepale nyumbani kwenu Sib, anajifanya hodari. Juzi nimemkuta kasimama jikoni anakula mkate mkavu, na friji imejaa vyakula tulivyompelekea. Nguo zako tumezigawa. Ile kanga yako ya zambarau nimeichukua mimi, na usiniulize kwa idhini ya nani.

Siku ile wanaume walipokubeba, sisi wanawake tulibaki ndani kama ilivyo ada. Nilisimama dirishani nikaona mlango wa gari ukifungwa, basi. Linaniuma hilo, Dada. Mimi niliyekuwa nakusindikiza kila pahala, safari ile sikukusindikiza.

Maana Alhamisi zilikuwa zetu. Tangu ulipostaafu wizarani ukaapa hukai nyumbani kunenepeshwa kama mbuzi wa Idi, na Maskati nayo ilikuwa imeingiwa na wazimu wa kahawa. Kila ukigeuka, vijana wamefungua mkahawa mdogo, wanakaanga buni wenyewe, wanasaga wenyewe, wanaipima kwa mizani kama masonara. Mimi naendesha, wewe unahukumu. Unakumbuka kule Azaiba? Kahawa ilikuja kwenye gilasi, na kikaratasi kimeandikwa eti ina ladha ya yasmini. Ukavaa miwani, ukasoma, ukanusa, ukanambia kwa sauti ya mnadani, "Yasmini naijua mimi, inakwenda kwenye kikuba cha kujipamba. Hii ni chai ya mgonjwa." Na yule kijana mwenye ndevu za kuchongwa akaangua kicheko, kumbe bibi yake mzaa mama ni wa Unguja. Mara ngapi nimekwambia, katika mji huu usimseme mtu kwa Kiswahili?

Halafu tukaenda mtaa wa Ghala, siku ambayo mwanao Muna alitufuata. Nyuma ya duka la matairi, katikati ya magereji, watu wanakaanga kahawa ndani ya banda la bati. Ulisimama mlangoni ukavuta pumzi ukasema, "Hapa ndipo penye kazi." Sisi tulicheka tukenda zetu. Muna neno lilimwingia.

Basi mwanao amekodi banda huko huko Ghala, jirani na fundi wa rejeta. Ameweka mtambo, ameweka viti, kila kitu tayari. Lakini ameapa hafungui mlango mpaka kwanza aipate kahawa yako, ile uliyokuwa ukitupikia sisi. Kachukua kikaango chako cha chuma, kinu chako, dele lako la kuchemshia. Buni kanunua kwa muuzaji wako yule yule wa soko la Sib, iliki kwake, tangawizi kwake. Anakaanga, anatwanga, anapika, anaonja, anamwaga. Anaanza tena. Ukaidi huo hakuuokota njiani, mtoto wa nyoka ni nyoka, na wewe ulikuwa chatu.

Ningecheka, lakini alikuwa hali, halali, na halii. Chozi halijamtoka tangu siku ile. Watu wa matanga walimsifu, wakasema masha Allah, ana subira. Subira gani ile? Mumewe alikuja kwangu, mtu mzima, kakaa barazani anaifinyanga kofia yake, akanambia, "Mama, nisaidie, mke wangu anapotea nami namtazama." Nikaogopa. Nilishakupoteza wewe, nikamuona na yeye anakufuata kwa miguu yake.

Na mimi nimsaidieje? Kahawa ya matanga yako ilikuwa ya mwisho kuitia mdomoni. Harufu yake tu nilikuwa nikiisikia nafunga dirisha la gari. Lakini alipiga hodi mwenyewe Jumatano akasema, "Mama mdogo, umebaki wewe tu unayeijua." Alhamisi nikenda bandani kwake.

Akanimiminia. Nikanywa. Ilikuwa nzuri, Dada. Wallahi ilikuwa nzuri kuliko yako, utanisamehe. Safi, kila punje imeiva sawasawa. Na wewe humo ndani hukuwamo kabisa. Muna aliusoma uso wangu, akageuka kuchota buni nyingine.

Nikamwambia akaange nimuone. Akasimama mbele ya kikaango, mdomo kaufunga, macho hayabanduki kwenye buni, kimya kama yuko kwenye mtihani. Hapo nikashikwa na kicheko, nikacheka mpaka akanikasirikia. Wewe umekaanga kahawa kimya lini? Miaka yote umekaanga simu umeibana baina ya bega na sikio, unazungumza na mimi, nani kaolewa, nani kaachwa, nani kavaa nini harusini, mpaka nakusikia upande wa pili, "Ala! Zuwena, umeniunguzia!" Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Tukinywa kahawa imeungua upande mmoja, nawe umeizidishia iliki ili uufunike moshi, na wageni wanasifu eti Bi Raya ana siri yake. Siri gani? Siri ilikuwa umbea.

Nikamueleza Muna. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikatoka nje, nikaingia garini, nikampigia. Nikamwambia bana simu hapo begani, kaanga, tuzungumze.

Tulianza na harusi ya wiki iliyopita, nikamwambia bwana harusi kavaa joho kubwa kama kaazima. Akacheka kidogo. Nikaendelea, nikafika kwako, namna ulivyokuwa ukinisuka nywele ukinivuta makusudi ili nikae kimya. Akacheka tena, halafu kicheko kikakatika katikati. Nikasikia buni zikipasuka, na Muna analia. Analia kwa sauti, Dada, kilio cha mtoto mdogo, anaita mama, mama. Sikumwambia nyamaza. Nililia naye, mimi garini yeye bandani, mpaka yule fundi wa rejeta akanijia na chupa ya maji akidhani gari limenizimikia. Nikainywa, ningefanyaje?

Nilipoingia moshi ulikuwa umejaa banda zima. Muna kavimba macho, anatwanga. Akatia iliki, nikamwambia zidisha, akazidisha. Akapika, akamimina vikombe viwili. Chungu, moshi mtupu, iliki kupita kiasi. Ndiyo hiyo. Tulikunywa, na mimi nilikimaliza kikombe chote.

Akanambia, "Hii siiuzi." Wateja watapewa ile safi, na mlango anaufungua Alhamisi ijayo, inshallah. Usiku ule alilala mpaka adhana, mumewe kanitumia salamu. Yako tutaikaanga wenyewe kwa wenyewe, na kila akiweka kikaango motoni atanipigia.

Dada, mimi sijapoa. Kuna saa nasikia jambo la mji nageuka kukwambia, halafu nakumbuka, na moyo unaanza upya. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nakuaga kwa karatasi hii, kwa kuwa siku ile sikuweza. Na nakuahidi, simu ya mwanao nitaipokea, niwe na wageni, niwe na homa, nitazungumza naye mpaka buni ziungue. Akinigombeza kwamba nimemuunguzia, nitakubali kosa ni langu.

Wewe sikukukubalia hata siku moja.

Mdogo wako,
Zuwena