Jina la Kitanda cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekuja na jedwali. Si karatasi ya kawaida — jedwali la rangi, limefunikwa kwa plastiki ngumu kama menyu ya hoteli. Mume wa dada yangu hawezi kununua soksi bila jedwali. Mama anatimiza miaka sabini na mitano mwisho wa Mei, na wameamua (wao, si mimi) apelekwe kwenye meli ya matembezi. Siku saba majini. Picha inaonyesha bwawa la kuogelea juu ya sitaha. Yaani umezungukwa na maji pande zote, kisha unalipia ukaoge kwenye karai.

Nikasema ile ni gereza lenye bwawa. Aliyecheka ni Mama peke yake, tena kidogo, puani.

Nauli ni za namna mbili. Ya masharti ni nafuu, lakini ukishalipa umelipa: hubadilishi tarehe, hubadilishi jina, hurudishiwi kitu. Huru ni ghali zaidi, ila unaweza kubadili jina au tarehe, hata kughairi ukarudishiwa chako, hadi siku kumi na nne kabla ya meli kuondoka. Bei itapanda baada ya Jumatano ijayo, kwa hiyo tuamue.

Shemeji anataka ya masharti. Mtu anauza bima! Kutwa anawatisha watu kwa moto na mafuriko, akifika nyumbani hakuna baya linaloweza kumkuta. Mganga hajigangi, wahenga walishasema.

Kebini ina vitanda viwili. Wao wanalipa, mimi namsindikiza Mama. Dada alisema niende mimi kwa sababu sina wa kuniulizia nyumbani. Alilisema kwa upole, kama anayekutoa uzi begani.

Alhamisi, 6 Machi

Karakanani siku nzima nasaga lenzi za miwani. Mashine ya pili imeanza tena kulia kama mbuzi. Saa saba Dada akapiga simu, akanong'ona, ingawa alikuwa peke yake ndani ya gari lake.

Anataka nauli huru. Kwa nini? Eti kwa sababu lolote linaweza kutokea. Lolote lipi? Jambo, alisema. Likitokea jambo. Mama na umri ule, na presha, na lile la kushika kifua mwezi uliopita akipanda ngazi.

Nikamwambia aseme neno lenyewe. Akakata simu.

Basi ndiyo familia yangu hiyo. Mmoja anaona kulipia nauli huru ni kumtabiria Mama kifo. Mwingine anaona kutolipia ni kumkejeli Mungu. Wote wawili wanamzika mtu ambaye leo asubuhi amenifokea kwa kuacha sabuni majini.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao sebuleni kwetu. Shemeji amesimama mbele ya televisheni kama mtabiri wa hali ya hewa. Dada kakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, tayari kuondoka kwa hasira. Mama anapiga pasi mashuka upande wa dirishani, kama vile mazungumzo yanamhusu jirani.

Shemeji: tusilipie hofu. Dada: si hofu, ni busara. Shemeji: takwimu zinaonyesha. Dada: takwimu hazijamzaa huyu. Nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nahesabu mikunjo kwenye shingo ya Shemeji. Ni minne.

Halafu Mama akasimamisha pasi.

"Mimi nataka ile inayobadilika," alisema.

Pasi ikatoa mvuke.

Shemeji akaanza, "Lakini Mama, kama una afya—"

"Baba, nimesema ile inayobadilika." Humwita baba akitaka anyamaze.

Dada alikimbilia jikoni. Nilimfuata, nikamkuta analia ndani ya taulo la vyombo. Mama anajua, alisema. Mama anajua kitu na hatuambii. Nikamjibu kwamba Mama anajua kupiga pasi. Lakini jioni hii nimetafuta daktari wa moyo, sitadanganya humu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka Mama hospitali kwa hila. Nikamwambia kadi yake ya mazoezi ya magoti imekwisha muda — huenda pale kila Jumanne na Ijumaa kunyoosha viungo na wazee wenzake — kisha nikamwingiza mlango wa daktari wa moyo.

Hakushangaa. Alipanda kitandani, akavua viatu, akaviweka sambamba.

Daktari alimsikiliza mbele, nyuma, akamfunga nyaya, akachora mistari yake. Akasema moyo ni mzuri, presha inatii dawa, na kushika kifua kule kulikuwa ni msuli. Anaweza kusafiri? Akacheka. Anaweza kwenda na kurudi mara mbili.

Mama alikuwa anafunga kamba za viatu. "Umeridhika, mwanangu?"

Nikamuuliza sasa nauli huru ya nini, kama ni mzima. Akasema ana sababu zake, na mtu mzima hafuatwi nyuma kama kuku wa kuchinjwa.

Nimempigia Dada kumpa habari njema. Akasema madaktari siku hizi huwaficha wagonjwa. Kwa nini hata nahangaika naye?

Jumatano, 12 Machi

Tumekata tiketi. Ofisi ya usafiri ni ile ya kona, karibu na benki, yenye ndege ya plastiki inayoning'inia kwa uzi. Msichana wa mezani ana kucha ndefu hivi kwamba anabonyeza kompyuta kwa penseli. Alitusomea masharti ya nauli isiyo na masharti — ukurasa mzima. Shemeji aliitikia kwa kichwa kila mstari, kama aliyeyaandika.

Mama aliuliza jambo moja tu. Jina linaweza kubadilishwa hadi lini? Hadi Ijumaa, tarehe kumi na sita Mei, saa kumi na moja jioni. Akauliza tena. Akaiandika nyuma ya bahasha ya dawa.

Nilishajua anachopanga. Dakika ya mwisho ataumwa kichwa, atampa Dada nafasi yake, na mimi nitakaa siku saba na Dada ndani ya chumba kisicho na pa kukimbilia. Ndivyo Mama alivyo. Kipande kizuri hakijawahi kuingia kinywani mwake tangu tuzaliwe.

Nitamzuia. Hata kwa kumfunga kamba.

Jumanne, 6 Mei

Muda mrefu sijaandika. Hakuna la kuandika. Lenzi ni lenzi.

Leo alikuja mteja, mzee mrefu, mpimaji ardhi mstaafu. Suti ya siku zake, imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Alinisimulia miaka arobaini ya kuweka vigingi kati ya viwanja vya watu, na jinsi ndugu walivyopigana kwa sababu ya futi mbili. Sikuwa nimemuuliza. Anataka miwani ya jua, ya kuzuia mng'ao wa maji. Nikamwambia mng'ao wa maji hauko mjini hapa, labda kwenye madimbwi. Akatabasamu. Akasema Mama ndiye aliyemwelekeza kwangu. Wananyoosha magoti pamoja hospitalini.

Alipotoka alinifungulia mlango wa karakana yangu mwenyewe, nikabaki nimesimama kama mgeni. Watu wa adabu za kizamani wanachosha.

Jumamosi, 10 Mei

Mama ameniambia.

Tulikuwa tunakunja nguo. Shuka moja, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Akasema, "Kile kitanda cha pili. Nataka kubadili jina."

Nikasema sikubali, Dada ana kwake, safari ni yake yeye.

"Nani amemtaja dada yako?"

Akamtaja mpimaji. Kwa jina lake la kwanza. Tukasogeleana kukunja, tukaachana, tukasogeleana. Akasema wamekuwa wakizungumza tangu mwaka jana. Akasema yule mtu anajua kunyamaza, na baba yenu, Mungu amrehemu, hakujua. Akasema ana miaka sabini na mitano, na haombi ruhusa. Ananiarifu tu.

Nikauliza Dada anajua? Atajua tukirudi, alisema.

"Na mimi?"

Hapo alinitazama kweli. "Wewe ulisema ni gereza. Tangu siku ya kwanza. Nikasema angalau mmoja wenu hataumia."

Shuka lilikuwa limekunjika upogo. Tulilikunjua, tukaanza upya.

Jumatano, 14 Mei

Siku nne nimekuwa naongea na mashine ya kusagia. Nimeharibu lenzi tatu. Fundi mwenzangu kaniuliza kama mimi mwenyewe nahitaji miwani.

Kwa hiyo wote tulikuwa wajinga. Tumemsikiliza moyo kwa nyaya, tumelia kwenye mataulo, tumebishana kuhusu kifo, na yeye alikuwa anapanga kuishi. Dada na machozi yake, Shemeji na jedwali lake, mimi na ulimi wangu. Nilikuwa najiona mwerevu kuliko wao! Mteja amesimama mbele yangu anaomba miwani ya baharini, na mimi nampimia umbali wa mboni.

Halafu kuna hili, nalo naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilikuwa nimenunua viatu. Vyeupe, vya raba, visivyoteleza kwenye sitaha. Nilinunua Aprili. Viko kabatini ndani ya boksi, na nimevivaa mara nne, mlango umefungwa. Likizo nilishaomba. Niliwaambia watu kazini kwamba nasafiri, eti nimelazimishwa. Nilikuwa nalalamika kwa raha kabisa.

Jioni Shemeji akapiga simu kujisifu. Kesho kutwa muda unakwisha, na je, kimebadilika nini? Hakuna. Tumetupa fedha, alisema, kama alivyotuonya. Nilimwacha aongee. Ulimi ulikuwa unaniwasha mpaka kwenye fizi.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika kwenye kiti cha ofisi ya usafiri, daftari juu ya goti. Saa kumi na dakika thelathini na tano. Kalamu ni yao, imefungwa kwa mnyororo, kwa hiyo nimejisogeza.

Mama aliniomba nije kwa sababu anayeondolewa lazima asaini mwenyewe. Hilo Shemeji hakuliweka kwenye jedwali. Mpimaji tulimkuta keshafika, kofia magotini. Aliponiona alisimama, akaanza kuniomba msamaha, na nikamwambia akae, goti lake halimudu hotuba.

Nimesaini. Kwa mwandiko mzuri. Mama aliuangalia mkono wangu, si karatasi. Kisha akaniuliza taratibu kama nilitaka kwenda. Nikasema siku saba za kusikia matangazo ya mchezo wa bingo? Akasema, "Nakuuliza, mwanangu." Nikasema ndiyo. Basi. Nilitaka. Ameniwekea mkono mgongoni na hajautoa mpaka sasa, ndiyo maana mistari hii imepinda.

Tulidhani yamekwisha. Lakini msichana wa kucha amegeuza fomu. Kuna kisanduku: uhusiano wa abiria wa pili na wa kwanza. Mwezi wa tatu palijazwa binti. Sasa pajazwe nini?

Mama amesema paachwe wazi. Msichana anasema mashine haikubali wazi. Mpimaji amesema rafiki. Mama amemgeukia polepole sana, na sijawahi kumwona mtu akilirudisha neno mdomoni haraka vile. Mwanamume aliyewaonyesha wenzake mipaka yao miaka arobaini anasoma lebo ya ndani ya kofia yake.

Simu yangu inatetemeka mkobani. Ni Dada. Iteteme.

"Andika wewe," Mama ananiambia. "Neno lolote. Wewe huna haya na maneno."

Nimewajibu wote wawili kwamba siandiki kitu. Mmoja wao aliseme kwa sauti, hapa, mbele yangu na mbele ya huyu binti wa watu, nami nitaliandika kwa herufi kubwa.

Saa kumi na dakika arobaini na nane. Mpimaji ameiweka kofia chini, sakafuni. Anakohoa.