Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba 1958

Nimesema ndiyo tena. Mdomo huu sijui ni wa nani.

Asubuhi Miss Harwood alitangaza maonyesho ya darasa letu la mitindo. Kila msichana achore magauni matatu, ashone moja. Atakayefanya vizuri atapelekwa Nairobi kuendelea na masomo. Akasema hivyo akinitazama mimi — mimi! Nilijisikia mrefu kuliko mlango.

Jioni mzee Kipsang wa kanisa akaja hapa nyumbani. Kwaya inataka kanzu mpya za Krismasi. "Tumetafuta, hakuna mwingine ila wewe, binti yetu." Nilikubali hata chai yake haijapoa.

Alipoondoka, senge akaniuliza: na gauni la harusi la Chepkosgei je? Senge Chepchirchir ni dada ya baba, ndiye ananiweka hapa Bondeni. Harusi ni tarehe ishirini na tano. Nikamwambia nitaweza, gauni moja ni kitu gani.

Ukweli ni kwamba napenda sana vile wanasema hakuna mwingine. Mbele ya mtu siwezi kulisema hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chepkosgei alikuja na mchumba wake, Kimutai. Huyu Kimutai anachimba ule udongo mweupe kule Kariandusi. Hata akioga, masikio hubaki na unga. Satini ya gauni aliinunua yeye, kipande cha mwisho dukani. Mwenye duka alimwambia nyingine haitakuja mwaka huu.

Chepkosgei ni rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Akaniuliza gauni limefika wapi.

"Nimeshakata," nikasema. "Sasa naunganisha."

Satini iko chini ya kitanda, bado kwenye karatasi ya duka!

Akaomba aangalie kidogo tu. Nikamwambia bibi arusi akiona gauni kabla halijaisha, linaleta mkosi. Hiyo niliitunga hapo hapo. Kimutai akacheka, akasema mafundi nao wana miiko yao. Wakaenda zao na furaha. Mimi nikaenda chooni nikajifungia, na sikuwa na haja yoyote.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee Kipsang alinisimamisha kanisani. Akawaambia watu mtoto wetu huyu anasoma kuchora nguo, na kanzu za kwaya zitatoka mkononi mwake. Makofi. Hata wazee walipiga.

Nje mke wa mchungaji akanishika mkono. Mjukuu wake atabatizwa, anataka rinda. Nikasema ndiyo. Chepkosgei alikuwa amesimama pale pale, akinitazama kwa fahari kama dada mkubwa. Sikuweza kumwangalia.

Jumatano, 15 Oktoba

Aibu ya leo sitaisahau.

Nilisinzia darasani juu ya mchoro wangu. Nilipoamshwa, wino ulikuwa umesambaa, mate yangu yako kwenye karatasi, na kola ya gauni nililochora imechapika shavuni. Wasichana walicheka. Miss Harwood hakucheka. Aliinua karatasi kwa ncha za vidole, akasema nianze upya.

Nanyama, jirani yangu wa dawati — baba yake ni fundi wa reli, hana maneno mengi — alinifuta shavu kwa kitambaa chake. Akaniuliza neno "hapana" kwetu husemwaje. Nikamwambia aache utani. Akasema hatanii.

Jambo lingine. Nikishika penseli sasa, naiweka chini tena. Na mimi ni yule aliyechora magauni kwa kijiti kwenye majivu ya mama, nikachapwa na bado nikachora! Huu si usingizi. Usingizi ukilala unaisha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeikata satini. Mungu wangu.

Nilianza vizuri, kifua, mgongo, sketi. Mikono nikaiacha mwisho. Macho yananiwasha, kanzu za kwaya zinaningoja pale mezani, rinda la mtoto linaningoja. Nikatandaza kitambaa bila kukikunja, nikaizungushia chaki pateni, ile karatasi ya kipimo, nikakata. Bila kuigeuza pateni, nikakata tena.

Mikono yote miwili ni ya kushoto.

Ukigeuza mmoja, ule mng'ao unaenda ndani na upande usio na mng'ao unakuja nje. Niligeuza. Nikageuza tena. Nilifanya hivyo mpaka senge akaita chakula, kama kwamba nikigeuza sana utakubali kuwa wa kulia.

Sikumwambia mtu. Nilisema kichwa kinauma.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimejificha! Msichana mzima, mwanafunzi wa chuo, nimejificha nyuma ya gunia la makaa.

Nilimwona Chepkosgei kupitia dirishani, anakuja na kibuyu. Nikamwambia senge aseme sipo. Senge alinitazama sana. Halafu akaenda mlangoni, akasema sipo.

Niliwasikia. Chepkosgei alisema hakuja kunisumbua, amesikia shuleni nimekonda. Mama yake amenitumia maziwa. Senge ahakikishe nayanywa, kwa sababu mimi nikishika kazi nasahau tumbo. Akauliza pia kama gauni lilimpendeza senge. Senge akajibu kwamba yeye mambo ya nguo hayajui.

Alipoondoka, senge aliweka kibuyu mezani, mbele yangu.

"Sijawahi kudanganya mtu akiwa amenishikia maziwa," akasema. "Usinitume tena."

Maziwa sikuyanywa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sikuamka. Nilitaka, miguu ikakataa. Mikono ilikuwa mizito kama si yangu. Nililia kwa sababu nilishindwa kufunga kifungo.

Nanyama alikuja baada ya masomo. Amenisemea kwa Miss Harwood kwamba ninaumwa. Kwa hiyo sasa na yeye anadanganya kwa ajili yangu! Akaangalia pale mezani: kanzu zisizo na shingo, rinda lisilo na mgongo. Akainua ile mikono ya satini, akaiweka sambamba, akaelewa.

Akauliza Chepkosgei anajua? Nikasema hapana. Akasema basi anaenda kumwambia. Nikamwambia usithubutu.

Akathubutu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wako chumba cha mbele sasa hivi. Chepkosgei, mama yake, Nanyama, senge. Mimi niko kitandani, pazia tu katikati yetu.

Walipofika asubuhi nilijigeuza ukutani. Nikasikia karatasi ikifunguliwa, kisha mtu anapenga kamasi. Mama yake Chepkosgei akasema harusi iahirishwe. Senge akasema wageni wameshatoka Kericho. Nanyama akasema tuanze na sketi, sketi haina kosa. Cherehani ikaanza.

Sasa wamefika kwenye mikono. Nanyama anasema vipande vilivyobaki vinatosha mkono mfupi wa kulia, na ule wa kushoto ukatwe ulingane nao. Lakini bega nililichora kwa njia yangu, lina mikunjo, na pateni haionyeshi inaingiaje. Wamejaribu, wamefumua. Wamejaribu tena.

Chepkosgei aliingia. Alikuwa amevaa gauni nusu, limeshikizwa kwa pini, bega moja wazi. Ni zuri. Hata hivyo lilivyo, ni zuri! Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, taratibu, asichomwe.

"Jeruto. Sijaja kukusamehe," akasema. "Hilo tutaliona baadaye. Nataka kujua: kama Nanyama hangekuja kwetu, ungeniambia lini?"

Nikafungua mdomo. Huu mdomo wa ndiyo, ndiyo, ndiyo — haukuwa na kitu. Nikaona pini imemgusa shingoni na hakujikuna.

Akainuka, akatoka. Pazia aliliacha wazi.

Cherehani imenyamaza. Nawaona migongo tu, wote wameinamia meza. Mama yake Chepkosgei anauliza, si kwa ukali, kama nimelala au vipi, maana bega hili limewashinda.

Hakuna anayenijibia. Hata senge.

Mguu mmoja nimeshaushusha. Sakafu ni baridi.