Karafuu Ulizomtumia Mama

Iringo, Musoma,
12 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Jastin,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U mzima? Kazi ya huko Pemba inaendaje, na Sara ameshajifungua? Sisi tunapumua tu, ila amani hatuna. Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa, ndiyo maana nampa Twalha wa dukani barua hii, maana anakuja huko kufuata mzigo.

Zile karafuu ulizotuma Pasaka zilifika. Nilichota kidogo za pilau, zilizobaki nikampelekea Mama kule Mwitongo, Butiama. Unajua sisi karafuu tuliionea kwenye pilau la harusi tu. Nikamfundisha kama jirani yangu Tausi alivyonifundisha: mbili kwenye chai, chache kwenye sanduku la vitenge, na jino likiuma, bana moja hapo hapo. Laiti ningenyamaza.

Kila nikienda Butiama nakuta nyumba inanukia. Nikamtania kwamba amekuwa bibi harusi. Akacheka, mkono mdomoni. Mimi na akili zangu zote sikujiuliza anaficha nini. Kumbe jino lilishaoza, na karafuu ilikuwa ya kufunika harufu.

Jumapili shavu lilivimba mpaka jicho likafumba, nikamleta huku. Daktari anasema usaha umeingia kwenye taya, apelekwe Mwanza kupasuliwa, tusichelewe. Karafuu hutuliza maumivu tu, ugonjwa unabaki pale pale.

Mama hataki. “Mimi sikatwi. Hii ndiyo inanisaidiaga. Jastin hawezi kuniletea kitu kibaya.”

Jana nilizificha. Alilia, Jastin. Miaka minne hujakanyaga nyumbani, na sasa naona hazitafuni kwa ajili ya jino peke yake. Nikamrudishia.

Nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe zaidi. Nimembembeleza, mchungaji kambembeleza, wapi! Atakusikia wewe tu. Ukipata barua hii azima simu ya mtu yeyote, mwambie aende Mwanza. Usimuulize, mwambie. Na kama boti ipo, panda uje.

Shemeji yako Amos na watoto wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mama naye anakusalimu. Ameniagiza nikuombe karafuu nyingine, maana zinakaribia kwisha. Nimeandika kwa sababu nilimwahidi. Usizitume.

Akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada yako Wegesa.