Mama Mkwe Yuko Rumande kwa Pombe Niliyoichanganya Mimi

Mama mshauri, pokea salamu zangu. Hii ni barua ya tatu naandika, mbili za kwanza nimezichana, kwa hiyo nakusihi unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Mimi ni mke wa seremala, nina mtoto wa miezi mitano, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akipika pombe kali kwenye banda la nyuma, na siyo siri, mtaa mzima unajua na serikali pia inajua, maana ameshafikishwa mahakamani mara mbili kwa kupika bila leseni, na mara zote mbili alilipa faini, akarudi, akawasha moto. Sheria inakataza, hilo hatubishi, lakini pombe yake ilikuwa na sifa, watu waliiita Kioo kwa jinsi ilivyokuwa safi, na mama alikuwa na masharti yake, kikombe cha kwanza kinachodondoka kwenye bomba anakimwaga chini, hakuna chupa inayotoka kabla hajaonja mwenyewe, na mtoto wa shule akitumwa pombe anarudishwa mikono mitupu na maneno juu. Kwa moto huo alimlea mume wangu peke yake tangu baba mkwe alipofariki.

Mwezi uliopita alilazwa siku tisa kwa upasuaji wa goti. Asubuhi ya kuondoka aliniita bandani akaniambia, "Mwanangu, mtambo usiuguse. Pipa likichacha kupita kiasi, limwage, hatutakufa." Nikamwambia sawa mama. Lakini siku ya nne wateja wakawa wanagonga geti, wanauliza, wanaondoka wakinung'unika, na mimi, sijui nikueleze vipi, nilitaka arudi akute nimeweza, kwa sababu tangu niolewe kazi yangu kwenye lile banda ni kuosha chupa tu, hajawahi kuniachia hata kusogeza kuni. Nikawasha. Moto nikauzidisha, mtoto akalia nikaenda kumnyonyesha, niliporudi imeshatoka nyepesi kabisa. Mteja mmoja akaonja, akacheka, akasema, "Hii mpe mwanao." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mume wangu ana galoni la spiriti karakana, ile anayochanganyia vanishi ya kung'arishia makabati, na harufu yake ukiivuta ni kama pombe tu, nikajiambia spiriti ni spiriti. Nikajaza chupa sita za soda, kila moja nikaiongezea.

Nne alichukua fundi cherehani wa pale kona, tunamwita Sentimita kwa sababu hakusalimii bila kukupima kwa macho kuanzia mabega mpaka kisigino, na ndiye aliyenishonea gauni la harusi na nguo zote za mtoto wangu. Alikunywa na rafiki yake jioni mbili. Rafiki alitapika siku nzima akapona. Sentimita asubuhi ya siku iliyofuata alikaa kwenye cherehani akashindwa kutunga uzi, akasema kuna ukungu, na ilipofika saa sita mchana akamuuliza mkewe kwa nini madirisha yamefungwa. Yalikuwa wazi. Sasa anaona kivuli tu cha mtu akipita mlangoni.

Mama alikuwa amerudi jana yake, kwa magongo. Habari zilipofika aliniomba chupa moja iliyokuwa imebaki kabatini. Akaifungua, akainusa, akaifunga. Akaniangalia. Kisha akajikokota mpaka chooni akaimwaga, na chupa yenyewe akaivunja. Alasiri polisi wakaja, wakauliza, "Mpishi hapa ni nani?" Akajibu yeye, "Mtambo wangu, pombe yangu, mkono wangu." Wakati wanampandisha kwenye gari aliniambia bila kunitazama, "Wewe nyonyesha mtoto."

Sasa ni wiki ya tatu yuko rumande na goti lile. Nilipokwenda kumwona nikafungua mdomo niseme, akanikata pale pale kwenye dirisha la wageni. "Una mtoto mchanga," akasema. "Mimi nina goti bovu tu."

Mume wangu hajui. Amemkasirikia mama yake, anasema alimwambia aache siku nyingi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Galoni langu la spiriti linavuja au nini?" nikamwambia labda kifuniko hakikazwi vizuri, akasema labda, akaendelea kupiga randa. Sokoni nasikia wanawake wakisema yule mama tamaa imemzidi, alianza kuwawekea watu sumu, na mimi nimesimama na kikapu changu, nachagua vitunguu.

Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Nikisema, mtoto wangu atalelewa na nani? Nikinyamaza, mama anafungwa kwa mkono wangu, na ameniambia mwenyewe ninyamaze. Nimtii au nisimtii? Nieleze, maana sina mwingine wa kumuuliza.

Ni mimi, mke wa seremala.

MAJIBU

Mke wa seremala,

Barua yako niliisoma mara moja, kisha nikachukua kalamu nikahesabu. Chupa sita. Nne kwa fundi, moja chooni. Ya sita hukuitaja popote. Kurasa nne umejaza machozi, na chupa moja ya sumu iko mikononi mwa mtu. Ndiyo maana sikungoja siku ya gazeti, nikapiga namba uliyoiandika pembeni. Wasomaji wangu wajue kwamba ulisema kwa sauti ndogo kuwa ulimuuzia mpakia mizigo mmoja ambaye alikuwa anatumia dawa za kifua, akasema ataiweka mpaka amalize dozi. Nikakuambia mpe mumeo simu. Ukasema hajui. Nikakuambia basi anajua leo.

Mumeo alinisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia randa ikiwekwa juu ya meza. Baada ya saa moja na nusu akanipigia yeye. Mpakia mizigo alikuwa amebakiza vidonge viwili. Chupa haijafunguliwa, imefungiwa kwenye sanduku la misumari, na ufunguo anao mumeo mfukoni. Ibaki humo humo. Mama mkwe wako alivunja chupa moja akidhani anakuokoa. Hii ya pili isiguswe mpaka mwanasheria aione.

Pole, mwanangu. Nakupa pole sasa kwa sababu huko mbele sina nafasi yake. Najua hukutaka kumdhuru mtu. Najua kuosha chupa miaka yote bila kuaminiwa kunauma. Lakini usiniambie spiriti ni spiriti. Mumeo amenisomea maandishi ya lile galoni kwenye simu, na pale juu kuna picha ya fuvu, ya kumsaidia hata asiyejua kusoma. Wewe unajua kusoma.

Na wala simsafishi mama mkwe wako. Kupika bila leseni ni kosa, ameshaambiwa mara mbili, na hii ya tatu ataijibu mwenyewe. Leseni si karatasi ya kuwasumbua maskini. Maana yake ni kwamba kuna mtu anayepaswa kuja kukagua pipa na kuuliza kilichomo kabla mnywaji hajaulizia madirisha yake. Mama alijifanya mkaguzi wa nafsi yake, akafanya kazi hiyo vizuri miaka ishirini, na siku alipokuwa kitandani hapakuwa na mkaguzi mwingine. Hilo ni lake. Macho ya Sentimita ni yako.

Unaniuliza umtii au usimtii. Usimtii. Kwanza, uongo wake una tarehe. Siku uliyowasha moto yeye alikuwa wodini, na hospitali imeandika. Mwanasheria yeyote atauliza karatasi hiyo, na siku ikitokea mahakamani, mama ataonekana amewadanganya polisi na wewe utaonekana ulikaa nyumbani ukimwangalia akidanganya. Pili, wewe unahesabu miaka ya kifungo tu. Huhesabu kwamba mwanamke huyu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani isipokuwa kwamba hakuna aliyewahi kudhurika kwa kazi yake. Hicho ndicho alichokitoa pale getini akakupa wewe. Wanawake wa sokoni wanakikanyaga kila siku, na wewe unachagua vitunguu.

Sasa mtoto. Sitakudanganya kwamba hutafungwa. Sijui, na mwanasheria niliyeongea naye ameniambia wazi kuwa naye hajui. Anachojua ni kwamba anayekuja kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa, na kwamba mahakimu huangalia kama kuna mtoto anayenyonya. Zaidi ya hapo hana ahadi, na mimi sina. Lakini usimweke mtoto wa miezi mitano mbele yako kama ngao. Ana baba, na baba huyo alipanda hadi ghorofa ya tatu kwa mpakia mizigo bila hata kuvua aproni yake. Mwamini kidogo. Mlikosea kuishi nyumba moja, kila mmoja na la kwake moyoni.

Leo hii, siyo kesho, mumeo aende hospitali anakotibiwa Sentimita na amwonyeshe daktari lile galoni. Wiki tatu wanamtibu kwa kukisia. Sisemi kwamba macho yatarudi, huenda wakati umepita. Lakini daktari ana haki ya kujua alichokunywa mgonjwa wake, na kila siku uliyonyamaza ulimnyima.

Polisi usiende peke yako. Ofisi ya msaada wa sheria, ile ambayo jina lake nilikutajia kwenye simu, haitoi bili kwa mtu wa hali yako. Mwanasheria ni mwanamke, ana sauti kali, usimwogope. Mweleze yote kama ulivyoniandikia, pamoja na chupa ya sita. Mchukulie cheti cha mama cha kutoka hospitali. Yeye ndiye atakayekupeleka kituoni, na atakaa nawe wakati unaandika maelezo.

Kwa Sentimita utakwenda siku mwanasheria atakapokuruhusu, siyo kabla. Mkewe ndiye atakayefungua mlango. Usilie. Ukilia itabidi wakubembeleze, na hiyo siyo kazi yao. Mwambie fundi alikunywa nini, nani aliweka, na kwamba mama alikuwa hospitali. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Akikuambia toka, toka, na urudi wiki inayofuata kumuuliza mkewe kama kuna nguo za kupeleka kwa wateja, kwa sababu zile alizoziacha katikati bila shaka bado zimening'inia pale kona na wenyewe wanazitaka.

Mama mkwe atakasirika. Atasema umemharibia. Mwache akasirike, ana haki hiyo, na akimaliza kukasirika atakuwa na kesi moja badala ya mbili.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mwanasheria anawangoja wote watatu, wewe, mumeo na mtoto. Mnyonyeshe mtoto kabla hamjatoka, na chukua nepi za kutosha, huenda mkakaa huko mpaka jioni.