Vidole vya Roscoe

Dahlonega, 4 Machi

Dada Idella,

Mipichi imechanua, nami mzima. Mume wangu Roscoe amepofuka kabisa tangu Januari. Nilishindwa kukwambia kwa simu.

Wiki nyingi Roscoe hakuzitaja sarafu zake za dhahabu. Jana akaomba nimpe mbili mkononi, yeye aliyenikataza miaka arobaini nisiziguse kwa vidole vitupu. Akazipapasa polepole.

“Hii ya zamani, uso wa mwanamke umeinuka. Hii ya 1908, walipobadilisha mchoro. Sura ya chifu wa Wahindi Wekundu imezama ndani.”

“Umebahatisha.”

“Lete nyingine basi, ndipo unitanie.”

Tulimaliza sanduku zima, chakula kikaungua, tukala mkate na jibini.

Asubuhi hii keshavaa koti. Anataka nimpeleke Atlanta kwenye maonyesho ya sarafu.

Mdogo wako,
Maybelle