Amri bin Kasim, Mtoto wa Atupele wa Kyimo

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Ijumaa ile ya mvua ulipotutoka hapa nyumbani Ibighi. Tukikaa kula, bado tunaacha nafasi yako kwenye jamvi bila kuambiana.

Ulikuwa mchinjaji, na watu wengi wa Rungwe wamekula nyama iliyopita mkononi mwako. Harusi ya Walutheri Kyimo, msiba wa Wamoraviani Kisiba, walikuita wewe ili wageni wao Waislamu wasikae pembeni na maharage. Kabla ya kumlaza ng'ombe ulimpapasa shingo ukimsemesha Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Tulipokuuliza unamwambia nini, ulisema hayo ni yenu wawili. Ulirudi na ini limefungwa kwenye jani la mgomba, na fungu la kwanza lilikuwa la mama yako. Usiku ulisinzia redio ikisoma taarifa ya habari, na ole wake atakayeizima!

Babu yetu Kasim alikuja kutoka Uarabuni na majora ya nguo, akamwoa Atupele binti wa Kyimo, akafa wewe hujamaliza kuota meno. Alikuachia pua yake na nywele zake na rangi yake. Mengine yote ulipewa na Bibi Atupele, hata ile namna ya kucheka umeziba mdomo kwa kiganja.

Tunayaandika haya kwa sababu miaka yako ya mwisho ilikubidi uyaeleze tena na tena, kando ya barabara, kwa watu ambao hawakuuliza ili wajue.

Bidhaa zilipoadimika, barabarani zikafungwa kamba, na askari na mgambo wakawa wanatafuta walanguzi. Mwarabu mmoja alikutwa ameficha sabuni nyuma ya duka lake, na tangu siku hiyo kila mwenye pua kama yako akawa ameficha sabuni. Basi lilisimamishwa likiwa limejaa mpaka mlangoni, na maneno yalikuwa yaleyale: "Wewe Mwarabu, shuka na mzigo wako." Wengine walibaki wamekaa. Kwenye kikapu walikuta kisu, nawe ukaanza upya kueleza kuwa unaitwa Amri, ni mchinjaji, unakwenda harusini. Ulizoea hata ukawa unasimama kabla hujaitwa. Sisi wanao ulituambia, "Msibishane nao. Jibuni, mpande, safari iendelee."

Bibi akapata habari. Safari iliyofuata ulimkuta stendi amekutangulia, mwavuli mapajani. Mlipofika penye kamba ukaitwa, naye akashuka nyuma yako polepole, ameshika mlango.

"Bibi, wewe kaa tu," alisema mgambo mmoja kijana, Jotham. "Tunamtaka huyu Mwarabu."

"Huyu Mwarabu nimemzaa mimi," Bibi akamjibu. "Nimemzaa Kyimo. Mkunga aliyenizalisha yuko hai, nenda kamuulize."

Mgambo wakacheka. Jotham akamwamkia Bibi kwa heshima, mkaruhusiwa kupanda. Kuanzia hapo hukusafiri tena bila yeye, na magoti yake yale mabovu. Mtu mzima mwenye wajukuu, ukawa unasindikizwa na mama yako kama mtoto anayepelekwa kuandikishwa shule. Tuliona ulivyokuwa ukigeuzia uso dirishani.

"Mama, baki nyumbani upumzike," ulimwambia siku moja.

"Nikibaki, nani atawaambia wewe ni wa nani?"

Ikafika harusi ya binti wa rafiki yako Lukasi, kule Kisiba. Asubuhi ile magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba, hata kusimama hawezi. Ukaenda peke yako. Penye kamba palikuwa na koplo mgeni. Ulimweleza kwa Kiswahili, ukawaeleza wenzake kwa Kinyakyusa.

"Nyinyi wafanyabiashara mnajifunza lugha ya kila mteja," koplo akasema. Kisha akawageukia mgambo. "Yupo hapa anayemfahamu huyu mtu?"

Jotham alikuwepo, ameshika ncha ya kamba. Akatazama barabara.

Walikulaza ndani. Huko Kisiba ng'ombe alishinda amefungwa uani, wageni wakingoja. Lukasi alipoambiwa na abiria mmoja yaliyokupata, aliiacha harusi ya mwanawe, akaja kituoni kesho yake na koti lake la kanisani.

"Huyu ni Amri," aliwaambia pale kaunta. "Amekula kwangu tangu sijaoa. Mnamtafutia nini?"

Wakakutoa. Hakuna aliyekutajia kosa lako. Koplo alikushauri tu kwamba siku nyingine utembee na mtu anayekufahamu. Lukasi anasema njia nzima ya kurudi ulikuwa unamwomba radhi yeye, kwa sababu wageni wake walikula wali mtupu.

Hukutoka tena hapa Tukuyu. "Anayenitaka amlete ng'ombe hapa," ulisema, na wachache wakawaleta. Kifua kilipokuanza, daktari akakuandikia uende hospitali kubwa Mbeya. Mama alikufungia nguo. Ulikaa ukingoni mwa kitanda, ukamwambia, "Sauda, kusafiri naweza. Kushushwa ndiko sina nguvu nako tena." Mama akasema mtakwenda pamoja, na Bibi atabebwa ikibidi. Ukasema basi, baada ya mfungo. Mfungo hukuufikia. Hakuna aliyetuambia kama safari ile ingekuponya, nasi hatutasema tusilolijua. Tunajua tu kwamba hukwenda.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Jotham, bila sare, akakaa mwisho wa jamvi. Mama aliinuka akaingia ndani. Mwanao Ali alitaka kumtoa, tukamshika mkono. Jotham akamsogelea Bibi kwa magoti.

"Siku ile nilimtambua, Bibi," alisema. "Niliogopa watasema ninamkingia mlanguzi."

Bibi alimtazama. Tulidhani atamfukuza, au labda atamsamehe.

"Wewe mtoto wa nani?" akamuuliza.

"Wa Ambindwile, wa Kyimo."

"Namjua. Nilikuwepo ulipozaliwa."

Alimsogezea sahani ya wali, akageukia ukutani. Jotham alikula huku machozi yanamdondoka, mpaka akaimaliza.

Kamba bado ipo, Baba. Ali ameshika kazi yako, na mwezi huu ameshushwa tena, na amejibu kama ulivyotufundisha. Binti yako Mwanaharusi, aliyechukua sura yako yote, haendi mbali bila sababu kubwa. Tumechoka, lakini tunasafiri. Hilo tulitaka ulijue.

Unakumbukwa na mama yako Atupele, mkeo Sauda, wanao Ali, Siwema na Mwanaharusi, wakwe na wajukuu zako, rafiki yako Lukasi na jamaa zake wa Kisiba, na majirani wote wa Ibighi.

Mwenyezi Mungu aipanue nafasi yako huko uliko. Maadamu mmoja wetu anavuta pumzi, hutasahaulika.